Kukamua maji kwenye tope la mafuta kwa umeme

Tope la mafuta likikaa ndani ya pipa wiki mbili hujigawa lenyewe: mafuta juu, maji katikati, uji mzito chini. Mafuta unayachota, maji unayatoa. Uji wa chini ndio unaosumbua. Ukiutia kwenye kiroba na kuukandamiza hautoi kitu, na ukiuanika unaota ngozi juu huku ndani ukibaki mbichi mwezi mzima. Robo tatu ya uzito wake bado ni maji, nawe unamlipa mwenye lori kuyasafirisha.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja, yaani kutoa maji ambayo uzito wake wenyewe hauyatoi. Umewalenga wenye gereji, karakana za jenereta, sehemu za kuoshea magari na watengeneza boti wa Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa, wanaozalisha mapipa mawili matatu kwa mwezi. Mitambo mikubwa ya gesi na bandari ina taratibu zake, na haya hayaihusu.

Pwani yetu ina jambo moja linaloamua kama kazi itafaulu kabla hujanunua hata waya: chumvi. Tope la gereji ya Masasi na tope lililotolewa chini ya injini ya boti ya Mikindani yanaweza kufanana kwa rangi na harufu, lakini la kwanza litakamuliwa na la pili litakuunguzia fyuzi. Kwa hiyo vipimo vinatangulia ufundi.

Umeme unafanya nini humo ndani

Punje za udongo na masizi zilizomo kwenye tope hubeba chaji hasi usoni. Maji yanayozigusa huvuta chaji chanya za kusawazisha. Ukipitisha umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu, kama wa betri), tabaka hilo la maji huanza kutembea kuelekea upande hasi na kuyakokota maji mengine kwenye vitundu. Jambo hili linaitwa elektroosmosi. F. F. Reuss alilionyesha huko Moscow mwanzoni mwa karne ya 19 kwa udongo wa mfinyanzi, na miaka ya 1930 Leo Casagrande akalitumia Ujerumani kukausha na kuimarisha udongo wa ujenzi.

Uzuri wake ni kwamba mwendo huo haujali sana udogo wa vitundu. Ukikandamiza, tope laini kupita kiasi hugoma kwa sababu maji hayana pa kupita. Umeme huyasogeza karibu kwa kasi ileile kwenye tope la punje ndogo na tope la punje kubwa. Kwa udongo wa mfinyanzi, kila volti 1 kwa sentimita husogeza maji takriban milimita 1.8 kwa saa. Tope lenye mafuta mengi linaweza kutoa nusu ya hapo. Ni kidogo, lakini kwenye eneo la nusu mita ya mraba na zaidi hesabu inaanza kuleta maana.

Ukitaka kuyachemsha maji hayo yote hadi yaishe kwa mvuke, lita moja itakula takriban uniti 0.7 za umeme. Kwa elektroosmosi, tope likiwa la kufaa, lita moja huanza na uniti 0.1 hadi 0.2. Tofauti hiyo ndiyo faida yote ya mtambo huu. Ikipotea, zima.

Vipimo vitatu kabla ya kujenga

Cha kwanza ni kujua nani amemzunguka mwenzake, maji au mafuta. Chukua glasi ya maji safi, dondosha tope kidogo kwa kijiti, koroga polepole. Likitawanyika na kuyachafua maji, basi maji ndiyo yaliyo nje na umeme utapata njia. Likibaki donge linaloelea au kuzama bila kuyeyuka, mafuta ndiyo yaliyo nje, na mafuta hayapitishi umeme. Hilo utaliunganisha kutwa nzima na ampea zitasoma sifuri. Mitambo ya kusafishia mafuta ghafi hulishughulikia tope la aina hiyo kwa umeme wa maelfu ya volti kwenye joto la juu. Si kazi ya karakana. Lioshe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70, lituame siku mbili, uchote mafuta, kisha rudia jaribio la glasi. Mabaki ya mafuta ya maganda ya korosho karibu yote hushindwa jaribio hili, na yanaunguza ngozi vibaya, kwa hiyo yasichanganywe kabisa na tope la gereji.

Cha pili ni chumvi. Njia rahisi ni kalamu ya kupimia maji, ile wanayotumia wauza maji ya kunywa, mradi iwe inasoma upitishaji wa umeme. Ichovye kwenye maji yaliyojitenga juu ya tope, usiichovye kwenye tope lenyewe maana mafuta yataziba ncha zake. Huna kalamu? Tengeneza kisanduku cha plastiki chenye sentimita 10 kila upande, kinachobeba lita moja kamili. Weka vibamba viwili vya chuma vinavyofunika kuta mbili zinazotazamana, jaza tope, kisha unganisha transfoma ya volti 12 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo kila mara) kupitia fyuzi ya ampea 2 na usome mkondo. Kila miliampea 120 ni sawa na milisimensi 1 kwa sentimita, kizio cha upitishaji wa umeme kinachopanda kadiri chumvi inavyozidi. Lazima iwe AC: ukitumia betri, vijipovu vitafunika vibamba na kipimo kitadanganya. Angalia pia multimita yako, kwani zile za bei ya chini husoma ampea za DC peke yake.

Maji ya bahari yana takriban milisimensi 50. Kwa mtambo unaoelezwa hapa chini, wenye chanzo cha ampea 20, soma hivi. Tope likiwa na 1.5 au chini, endelea kwa volti 24. Kati ya 1.5 na 3, endelea kwa volti 12 na ukubali mwendo wa nusu. Zaidi ya 3, lioshe kwanza. Hakuna haja ya kutafuta chanzo kikubwa zaidi. Mkondo wa ziada unabebwa na chumvi peke yake bila kukokota maji, halafu chumvi nyingi hulibana lile tabaka la maji yenye chaji hadi linakosa nguvu. Utakuwa unalipia joto.

Kuosha ni kuchanganya ndoo moja ya tope na ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi, kukoroga taratibu kwa mti, kuacha siku moja au mbili, kisha kutoa maji ya juu. Kila mkupuo hupunguza chumvi karibu nusu. Tope la milisimensi 10 litahitaji mikupuo mitatu kufika 1.25. Hiyo ni ndoo tatu za maji kwa ndoo moja ya tope, na maji hayo yote sasa ni maji machafu ya kushughulikiwa. Kingeni maji ya mvua, ya Desemba hadi Aprili, kwa kazi hii. Visima vingi vya karibu na ufuko vina chumvi na vitakurudisha ulikotoka. Msikoroge kwa mashine ya kasi wala kutia sabuni. Sabuni ya unga ndiyo inayofanya tope la sehemu za kuoshea magari likatae kutuama, na tope lililopigwa sana huwa kama sosi, halijitengi tena.

Cha tatu hakihitaji kifaa, ni pua. Tope lenye harufu ya petroli lisiguswe na umeme hata kidogo. Tope la dizeli, oili ya injini, grisi na haidroliki ndilo la mtambo huu. Ukisikia harufu ya yai viza, pipa lilifungwa muda mrefu na lina salfaidi; upande chanya hutengeneza asidi, na asidi ikikutana na salfaidi hutoa gesi inayoua. Lifungue, lipigwe na upepo mahali pa wazi siku kadhaa, na kama harufu inarudi kila ukilikoroga, acha.

Jaribio la ndoo mbili

Usijenge sanduku kabla ya jaribio hili. Ndoo ya lita 20 ina kitako chenye eneo karibu sehemu ya kumi ya sanduku kubwa, hivyo matokeo yake unazidisha kwa kumi.

Toboa ndoo mbili matundu ya milimita 8 chini, kila sentimita tatu. Laza duara la wavu wa chuma ndani ya kila ndoo, juu yake vipande viwili vya kiroba cha salfeti vilivyopishana nyuzi. Mimina lita 6 za tope katika kila moja. Zitakaa kimo cha sentimita 10. Juu weka duara la shiti ya chuma lenye matundu, kisha uzito wa kilo 6 hadi 8. Zinyanyue ndoo juu ya mabeseni. Ndoo ya kwanza iunganishe: waya chanya kwenye shiti ya juu, waya hasi kwenye wavu wa chini, betri mbili za gari za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata 24, fyuzi ya ampea 5. Ndoo ya pili iachwe bila umeme.

Baada ya saa nne pima maji ya kila beseni. Ndoo yenye umeme kwa tope zuri itatoa kama robo lita kwa saa mwanzoni, kwa mkondo wa ampea 1 hadi 1.5. Isipotoa angalau mara mbili ya mwenzake, umeme haukusaidii. Tope hilo linataka muda na uzito tu. Wengi huruka ndoo ya pili, halafu wanausifu umeme kwa maji ambayo yangetoka yenyewe.

Sanduku la lita 60

Vipimo vya ndani: urefu mita 1, upana sentimita 60, kimo sentimita 35. Mbao za inchi moja zinatosha, zikifungwa kwa skrubu na kutandikwa ndani nailoni nzito ya ujenzi bila kiungo hata kimoja. Sanduku la chuma halifai, kwani umeme utapita ukutani badala ya kupita kwenye tope. Likalishe juu ya matofali likiwa limeinama sentimita 2 kuelekea upande wa kutolea maji.

Chini kabisa tandaza kokoto ndogo zilizooshwa, kimo cha sentimita 3. Upande wa chini toa bomba la plastiki la inchi moja na nusu. Upande wa juu simamisha bomba jingine la inchi moja, lianzie kwenye kokoto na litokeze juu ya ukingo wa sanduku. Hilo la pili ni la kupumulia, na ndilo watu husahau. Upande hasi hutoa haidrojeni. Isipopata mlango wake hupanda na kukwama chini ya tope, inaziba vitundu na mkondo unashuka bila sababu inayoonekana.

Juu ya kokoto laza wavu mzito wa chuma, ukubwa wa sentimita 98 kwa 58. Huu ndio upande hasi, na chuma cha kawaida kinatosha kwa sababu upande hasi haushiki kutu wakati umeme unapita. Chomelea pembeni kipande cha nondo kinachopanda hadi nje ya sanduku kwa ajili ya waya. Juu ya wavu, kitambaa. Turubai la pamba linavumilia magadi ya upande hasi. Viroba viwili vilivyopishana pia vinafaa na ni rahisi kutupa. Kingo za kitambaa zipande ukutani sentimita 15, vinginevyo tope litapenya pembeni na kujaza kokoto.

Upande chanya, wa juu, ndio unaoliwa. Shiti ya chuma ya milimita 2 ikatwe sentimita 96 kwa 56 ili isiguse kuta, na itobolewe matundu ya milimita 8 kila baada ya sentimita 5 gesi ipate kutoka. Kila ampea 1 ikipita saa 1 hula gramu 1 ya chuma na ziada kidogo. Mkupuo wa ampea 14 kwa saa 20 unakula gramu 300. Shiti hiyo mpya ina uzito wa kama kilo 8, lakini usitegemee mikupuo 27: hutoboka ovyo mapema, hasa pale waya unapogusa, na mara nyingi nusu ya idadi hiyo ndiyo mwisho wake. Funga waya sehemu mbili kwa bolti, upake grisi nzito juu ya kiungo.

Kwa nini si chuma cha pua? Kwa sababu kikiwa upande chanya mbele ya chumvi hutoboka vilevile, na kinachoyeyuka humo ni pamoja na kromu na nikeli, sumu ambayo hukuwa nayo kwenye tope. Mabati hutoa zinki na kwisha haraka. Grafiti ni nzuri ukiipata, ingawa humomonyoka taratibu. Titani iliyopakwa oksidi maalumu ndiyo ya viwandani. Ni ghali, na kwa mapipa mawili kwa mwezi shiti ya chuma inashinda kwa bei.

Chanzo cha umeme kiwe na volti zisizozidi 30 za DC. Mahali penye maji na mikono yenye grisi, huo ndio mpaka. Sapulai ya volti 24 na ampea 20, inayoweza kushushwa hadi volti 12, inafanya kazi. Waya wa shaba wa milimita mraba 4, fyuzi ya ampea 20 kwenye waya chanya, na swichi iwe mita mbili kutoka kwenye sanduku. Mashine ya kuchomelea isitumike: volti zake bila mzigo huwa kubwa kuliko mpaka huo, na haikuundwa kufanya kazi saa ishirini mfululizo.

Pale umeme unapokatika mara kwa mara, au hapajafika nguzo, paneli mbili za sola za wati 100 zilizoungwa sambamba zinafaa kuliko watu wanavyodhani. Hutoa karibu volti 18 na ampea 11, zinaungwa moja kwa moja bila betri wala kidhibiti chaji. Tope likiwa na chumvi inayozidi kidogo kiasi kilichotarajiwa, paneli zinashusha volti zenyewe na hakuna kinachoungua. Usiku mtambo unalala, na kulala huko kuna faida utakayoiona mbele.

Kuendesha mkupuo mmoja

Anza na tope lililotuama na kutolewa maji ya juu. Pitisha kwenye chekecheke la kokoto kuondoa vitambaa, vipande vya chuma na mawe. Kipande kimoja cha waya kikisimama kati ya juu na chini ni shoti. Jaza sentimita 10 tu. Kishawishi cha kujaza 20 ni kikubwa, ila kwa volti zilezile nguvu ya kusukuma inakuwa nusu na njia ya maji mara mbili. Lisawazishe kwa ubao na uligonge pembeni kutoa hewa.

Weka shiti ya juu, mbao mbili za 2x2 kwa upana wake, na juu ya mbao mifuko ya mchanga mkavu yenye jumla ya kilo 60 hadi 80. Uzito huu kazi yake kubwa ni kuifanya shiti ishuke pamoja na tope linapopungua. Acha saa tatu bila umeme. Lita mbili tatu za kwanza zitakuwa nyeusi, zirudishe juu.

Washa volti 12 kwa nusu saa, kisha 24. Kwa tope la milisimensi 1 utaona kama ampea 14, na maji kama lita 2.5 kwa saa. Andika kila saa vitu vinne: volti, ampea, lita, na joto la katikati ya tope. Mkondo huo unamwaga karibu wati 350 ndani ya sanduku, na kama joto lingebaki lote humo tope lingepanda nyuzi 5 hadi 6 kila saa. Likifika nyuzi 50, zima hadi lipoe. Zaidi ya hapo mafuta huanza kutoa mvuke na nailoni hulegea.

Kila dakika 50, pumzika dakika 10. Sababu ni hii. Upande chanya hutengeneza asidi, hadi pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ikiwa katikati) 2 au 3, na upande hasi magadi, hadi pH 11 au 12. Asidi inaposambaa ndani ya tope huzifuta zile chaji za punje, na elektroosmosi inakufa kuanzia juu kwenda chini. Wakati huohuo maji yanahama kutoka juu kwenda chini na tope linalogusa shiti linakauka kama chapati. Mapumziko huyaacha maji na asidi visambae upya. Wenye paneli za sola hupata pumziko la usiku kucha bure. Kugeuza chanya na hasi husaidia pia, dakika tano kwa saa, ila wavu wa chini nao utaanza kuliwa, basi fanya hivyo tu mambo yakigoma.

Kujua umefikia wapi, tumia uzito. Kilo 60 za tope lenye maji asilimia 75 zina kilo 45 za maji na kilo 15 za vitu vingine. Ukitoa lita 30, kinachobaki ni kilo 30 zenye maji asilimia 50: mzigo umepungua nusu. Ukitoa lita 35, zinabaki kilo 25, asilimia 40. Kutoka hapo kila lita inakuwa ghali. Zidisha volti kwa ampea, gawanya kwa 1,000, gawanya tena kwa lita za saa hiyo. Jibu likipita uniti 0.5 kwa lita, zima na uachie jua. Kwa sapulai ya volti 24 tegemea saa 20 au zaidi, kwa paneli mbili siku nne hadi sita za jua zuri.

Gesi na mikono

Kila ampea 1 kwa saa hutoa karibu nusu lita ya haidrojeni. Ampea 14 ni lita 6 na nusu kwa saa. Gesi hii huwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Kwa hiyo sanduku likae chini ya paa lisilo na kuta, kamwe si ndani ya stoo; sigara, grainda na uchomeleaji vikae mbali mita kumi. Usitoe waya kwenye bolti ya sanduku umeme ukiwa umewashwa, cheche hapo ndiyo hatari yenyewe: zima swichi kwanza.

Harufu ya jiki ikitokea juu, chumvi imezidi na upande chanya unatoa klorini. Zima, sogea upande upepo unakotoka, urudi kwenye kuosha. Glovu ndefu za mpira na miwani wakati wote. Maji ya chini yenye pH 12 yanakula ngozi bila kuuma mara moja.

Linapogoma

Ampea zinapanda na fyuzi kukatika: pima chumvi tena, halafu tafuta kipande cha chuma ndani, halafu angalia kama shiti ya juu imeteleza na kugusa kitambaa kilicholowa ukutani.

Ampea zimeshuka hadi robo ya zile za mwanzo huku lita bado chache. Inua shiti. Ukikuta ngozi kavu yenye nyufa, inyunyizie lita moja au mbili za maji na urudishe uzito. Inaonekana kichekesho kutia maji kwenye kitu unachokikausha, lakini lita moja ya kurudisha mguso hufungua lita nyingi zilizokwama chini. Kama hakuna ngozi kavu, chungulia bomba la kupumulia, huenda limeziba. Likiwa zima, angalia viungo vya bolti.

Ampea ziko sawa lakini maji hayatoki. Hapa ndipo fundi mvumilivu hujulikana. Ama asidi imeshapenya kote, pima kwa karatasi ya pH katikati ya tope na ukikuta chini ya 4 pumzisha usiku mzima au geuza chanya na hasi. Ama kitambaa kimezibwa na mafuta, na hapo hakuna ujanja ila kukibadilisha.

Maji yanatoka na utando wa mafuta. Kidogo ni kawaida, hasa saa ya kwanza. Yakiendelea kuwa kama maziwa, kuna sabuni kwenye tope.

Tope limekauka upande mmoja: shiti haikulala sawa au mifuko imeelemea. Rangi ya kutu kwenye maji na tope ni chuma cha shiti, isikutishe.

Maji na chicha

Maji yote yapitie pipa la kutenganishia. Yaingie katikati ya pipa, yatokee chini kwa bomba linalopanda nje kwa kona mbili hadi karibu na ukingo, ili mafuta yabaki juu na maji yatoke ya chini. Acha yatulie siku nzima. Kisha punguza magadi kwa asidi ya betri iliyozimuliwa, asidi ikimiminwa kwenye maji na kamwe si kinyume, kidogokidogo huku ukipima, hadi pH kati ya 6.5 na 8.5. Maji hayo hayajawa ya kumwaga kwenye mtaro, kisimani au kwenye mikoko. Yarudishe kuoshea tope linalofuata ikiwa hayajapanda chumvi, au yakusanywe pamoja na mafuta taka.

Kilichobaki sandukuni ni kama chicha ya nazi iliyokamuliwa: kinakatika kwa koleo na hakitiririki. Bado kina mafuta na vyuma, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 bado ni taka hatarishi. Kukausha hakukukibadilisha jina. Kisitiwe kwenye tofali, kisimwagwe barabarani kuua vumbi, kisichomwe nyuma ya gereji. Kiweke kwenye pipa lenye kifuniko, juu ya sakafu ya zege na chini ya paa, maana mvua moja ya Januari itakirudishia maji yote uliyoyatoa. Andika kwenye pipa tarehe, kilo na chanzo chake, na umkabidhi msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Mwombe hati ya makabidhiano yenye uzito uliopimwa, kisha uulinganishe na ule wa daftari lako.